Kama mnamfukuza mwanangu, andikeni barua!

Wakuu, leo nina hasira na sitaki kupozwa.

Simu imelia tena saa nne asubuhi: "Mama, njoo umchukue, leo hatulii kabisa." Kutotulia kwenyewe ni kuziba masikio na kujibanza chini ya dawati, maana kengele imepigwa karibu na kichwa chake. Mtoto ana usonji (autism), na shule inajua tangu siku ya kuandikishwa. Niliomba akae mbali na kengele na adokezwe kabla haijalia. Basi! Hilo halihitaji bajeti wala mfadhili. Nikajibiwa: "Tukimpendelea yeye, wengine watasemaje?"

Kupendelea? Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu wa 2006, Ibara ya 2, unahesabu kumnyima mtu marekebisho yanayowezekana kuwa ni ubaguzi. Ibara ya 24 inakataza mtoto kuenguliwa shuleni kwa sababu ya ulemavu. Huko Salamanca, Hispania, wawakilishi wa serikali 92 walishakubaliana tangu 1994 kwamba shule za kawaida ziwapokee watoto wote. Waliokuwa darasa la kwanza mwaka ule leo ni wazazi, na bado tunabishania kengele!

Kinachonichoma zaidi ni huu ujanja wa simu. Kwenye daftari la mahudhurio mwanangu yupo, kwa kuwa asubuhi aliitwa jina akaitika. Hakuna barua ya kusimamishwa, wala sababu, wala pa kukatia rufaa. Mkaguzi akija anakuta shule jumuishi, yaani inayopokea watoto wote, yenye mahudhurio safi, na bango getini linasema hivyohivyo kwa herufi za rangi. Mwalimu wa darasa simlaumu sana, yuko peke yake na darasa limefurika. Namlaumu anayemwamuru apige simu.

Nikihoji, naitwa "yule mama msumbufu". Baba yake akienda anavutiwa kiti (na anarudi na ahadi zilezile).

Sasa simchukui mtoto kwa simu tena. Anayetaka nimchukue aandike tarehe, saa, sababu, na aweke sahihi. Nakala moja yangu, nyingine inakwenda kwa mkaguzi.

Mliowahi kudai maandishi, mlijibiwaje? Walikataa kusaini? Na wewe unayejiandaa kuniambia "si umpeleke tu shule maalumu", pita kushoto.