Riwaya ya Nakba imenichekesha, mzee wetu amekasirika

mkomani_msomaji:
Assalaam aleikum jamaani. Tuna kikundi chetu cha kusoma hapa Lamu, watu sita saba hivi, twakaa barazani Ijumaa baada ya alasiri. Sasa hivi tuko na riwaya ya Mpalestina Emile Habibi ya 1974, ile ya Saeed, juu ya Nakba yaani kufukuzwa kwa Wapalestina 1948, mmoja wetu aisoma kwa Kiarabu sisi wengine kwa tafsiri ya Kiingereza. Mwanzo tu Saeed anaeleza vile 1948 walimiminiwa risasi njiani, babake akauawa, yeye akapona manake kuna punda alipita katikati risasi zikamshukia punda, na tangu hapo maisha yake yote ni zawadi ya yule punda. Nilicheka kwa sauti wallahi. Punda sisi twaishi nao, kila mchanga na kila jiwe la nyumba za hapa limebebwa na punda, kwa hivyo nilimuona kabisa. Mzee mmoja akaniambia mzaha mzaha hutumbuka usaha, watu zaidi ya laki saba walifukuzwa kwao na wewe wacheka punda. Nimekosa jibu na imeniuma, yule mzee namheshimu sana. Je nimekosea?

mwalimu_malindi:
Waaleikum salaam. Hujakosea ndugu yangu, ila msisimame kwa punda, endeleeni mpaka vita vya 1967, Israeli ilipoteka Ukingo wa Magharibi. Redio inatangaza kwa Kiarabu kwamba walioshindwa wapandishe bendera nyeupe, Saeed kwa vile ni muoga na anataka kutii kuliko wote anafunga shuka nyeupe kwenye mti wa ufagio anaisimamisha juu ya nyumba yake. Lakini yeye yuko Haifa, mji ulio ndani ya Israeli tangu 1948! Tangazo lilikuwa la watu wa Ukingo wa Magharibi. Wakubwa wake wa Kiisraeli wanamgeukia, kumbe wewe waiona Haifa kuwa mji uliotekwa? anatupwa jela. Sasa niambieni ni hotuba gani ingeweza kusema hilo jambo? Mtu ametii kupita kiasi na utii wenyewe umetoa ukweli ambao hakuna aliyetaka utamkwe. Mwandishi mwenyewe alibaki Haifa baada ya 1948, akakaa bungeni kule Israeli miaka mingi kwa chama cha kikomunisti, akafa 1996 na kaburini kwake kumeandikwa kuwa amebaki Haifa. Hakuwa anawacheka watu wake kwa mbali.

bi_shela:
Mimi namuelewa huyo mzee jamani msimbeze. Saeed ni kibaraka, anawapelekea wakubwa habari za wenzake, kwa hivyo ukicheka sana waweza kusahau kuna watu waliumia kwa sababu yake. Alitaka kumwita mwanawe Fathi, jina lenye maana ya ushindi, mkubwa wake akalikataa jina hilo, akamwita Walaa yaani utiifu, na huyo huyo Walaa ndiye anakuja kushika bunduki. Mamake analetwa pale pwani amwite atoke ajisalimishe, wanaongea wee mama na mwana, na mwisho wanapotelea baharini wote wawili. Hapo sikucheka, nilifunga kitabu nikalia. Mwambie mzee asome hapo.

langoni77:
Kuna kicheko na kicheko. Kwa Ghassan Kanafani, mwandishi mwingine Mpalestina, riwaya yake ya 1963, Wapalestina watatu wamefichwa ndani ya tangi tupu la lori la maji wavushwe waingie Kuwait, jua linachoma, na karani wa mpakani anamshika dereva kwa utani wa mcheza ngoma mmoja wa Basra, anacheka tu hataki kugonga muhuri, dereva akirudi wote watatu wamekufa. Hicho ni kicheko cha mwenye muhuri. Cha Saeed ni cha mtu asiye na muhuri wala karatasi. Mzee wako anaogopa cha kwanza nadhani, na ana haki ya kukiogopa.

mwalimu_malindi:
Wallahi umesema @langoni77. Na Suad Amiry wa Ramallah je, hiyo si riwaya ni kumbukumbu zake, mbwa wake alipata karatasi za Jerusalem na mwenyewe hana ruhusa ya kuingia, basi anamwambia askari kizuizini kwamba yeye ni dereva wa mbwa. Limetokea kweli!

mkomani_msomaji:
Ahsanteni sana, Mungu awalipe, bi_shela hapo pa baharini nimepasoma usiku huu na nimenyamaza muda. Ijumaa nitamsomea mzee bendera nyeupe kwanza halafu Walaa. Swali la mwisho, lile jina la Saeed kwenye anwani ya kitabu, mwandishi ameunganisha mutafaail na mutashaaim, mwenye matumaini na aliyekata tamaa, neno moja. Twaliita vipi kwa Kiswahili? Tuna kutumai na kutamauka, mimi nimejaribu "kutumauka", Saeed Mtumaukaji. Mzee ni bingwa wa mashairi nataka nimpelekee neno lililokaa sawa, mwenye bora zaidi aniandikie kabla ya Ijumaa.

bi_shela:
Mtumaukaji refu mno kwa mizani. Mpe "Mtumauka", silabi tano, aone mwenyewe.