Tupeane uzoefu: Madaktari wa Nyanda za Juu Kusini, ubingwa wenu mliuchaguaje?

Mwanzisha mada, Mbeya
Wakubwa shikamooni, wenzangu salaam. Nimemaliza mwaka wa utarajali, yaani mafunzo ya kazi hospitalini baada ya shahada, na katika idara zote nne nilizozunguka, yaani magonjwa ya ndani, upasuaji, watoto, na uzazi na magonjwa ya wanawake, kila mtu alikuwa ameshanipangia: "Wewe binti utakwenda watoto, siyo?" Wenzangu wa kiume hakuna aliyewaambia hivyo. Mimi ninataka mifupa. Ninaomba waliotangulia, wanawake kwa wanaume, waeleze walivyofikia uamuzi wao, na tafadhali tusimulie yaliyotukuta badala ya kubishana nani ana mikono laini.

Bingwa wa mifupa, Iringa (mwanamke)
Marahaba, mdogo wangu. Swali la kwanza utakaloulizwa ni la nguvu, kwa hiyo nianze nalo. Paja lililovunjika halirudishwi mahali pake kwa misuli ya daktari. Mgonjwa akishapewa dawa ya usingizi na ya kulegeza misuli, mguu ukafungwa kwenye meza maalumu ya kuuvuta, kazi inayobaki ni ya macho na ya kujua mfupa umeelekea wapi. Kilichonisumbua mimi ni vitu vidogo. Hospitali niliyosomea ilileta glavu za namba saba na nusu na nane tu, nami ninavaa sita na nusu, kwa hiyo ncha za vidole zilikuwa zinacheza wakati ninashika skrubu ya milimita chache. Meza nayo ilipandishwa kwa kimo cha kaka zangu, hadi muuguzi mmoja mwenye huruma akaniletea kigoda.

Zito kuliko yote lilikuwa mimba, na hilo wanaume wa darasa letu hawakulazimika kulipigia hesabu. Shahada ya kwanza ni miaka mitano, utarajali mmoja, unafanya kazi kidogo, kisha uzamili mitatu au zaidi, na miaka hiyo ndiyo hiyo ambayo nyumbani wanasubiri mjukuu. Sisi wa mifupa tunapiga eksirei katikati ya upasuaji tukiwa tumevaa aproni ya madini ya risasi ya kuzuia mionzi, ambayo ni nzito hata kwa asiye mjamzito. Niliomba kubadilishana zamu na mwenzangu, yeye akachukua upasuaji wa eksirei, mimi nikachukua kliniki na vidonda. Alikubali, lakini ilinibidi niombe kama fadhila. Likizo ya uzazi ni siku 84 kisheria, ila idadi ya upasuaji unaotakiwa kuujaza kwenye daftari lako haipungui kwa sababu ulikuwa na mtoto mchanga.

Bingwa wa uzazi, Rungwe (mwanaume)
Mimi nina jambo la upande wa pili. Darasani kwetu tuliosomea uzazi tulikuwa wanaume wengi, na hakuna aliyetuambia kwamba hiyo ni kazi ya kike, ilhali Marekani ubingwa huohuo leo umejaa wanawake, na katika miaka ya 1970 hata huko ulikuwa wa wanaume. Ubingwa mmoja, jinsia mbili tofauti, kutegemea nchi na wakati. Anayesema maumbile ndiyo yanayoamua anieleze hilo.

Wagonjwa, hata hivyo, wana neno lao. Kwetu Unyakyusa mila iliyozoeleka ni kwamba mkamwana hakutani na baba mkwe wake. Usiku mmoja aliletwa mke wa mtoto wa ndugu yangu, uchungu umekwama, na kwa hesabu ya ukoo mimi ni mkwe wake. Mama aliyemsindikiza alisimama mlangoni akiwa ameinamisha kichwa, hataki kunitaja wala kunikatalia. Nilimwita mwenzangu wa kike aliyekuwa karibu, akamfanyia upasuaji yeye. Kama asingekuwapo ningeingia mwenyewe, na nadhani ukoo ungenisamehe, lakini tangu hapo sipuuzi mwanamke anapoomba daktari wa kike.

Daktari wa watoto, Njombe (mwanamke)
Naomba nisihurumiwe. Niko watoto kwa kupenda, na kila anaposikitikiwa mwanamke aliye wodi ya watoto, kazi yetu inashushwa hadhi pamoja naye.

Daktari wa watoto, Makambako (mwanaume)
Ninamuunga mkono dada. Baba yangu aliniuliza kwa nini nimesoma miaka yote hiyo ili "kulea". Alinyamaza siku nilipomwonyesha namna ya kutafuta mshipa kwenye kichwa cha mtoto wa wiki mbili aliyekaukiwa maji.

Mwanzisha mada, Mbeya
Ninashukuru sana. Dada wa Iringa, mwenye familia huku anawezaje kusomea upasuaji bila kuhamia Dar es Salaam?

Bingwa wa mifupa, Iringa (mwanamke)
Ulizia COSECSA, chuo cha wapasuaji wa Afrika Mashariki, Kati na Kusini chenye ofisi zake Arusha. Mwanafunzi wake hufundishwa akiwa kazini katika hospitali iliyoidhinishwa, chini ya bingwa anayemsimamia. Kabla ya kujaza fomu, mfuate huyo msimamizi umwulize waziwazi kama amewahi kumsimamia mwanamke aliyejifungua katikati ya mafunzo, na zamu zake alizipangaje. Akisema hajawahi, muulize angezipangaje, na usikilize anachojibu kabla ya kuulizia ada.