Saa nane mpaka magharibi, watoto watatu ndani, joto la Maskati: nyinyi mnapitaje?

MamaWatatu, Seeb

Assalamu alaykum ndugu zangu. Naandika saa tano usiku, ndiyo kwanza nimekaa kitako tangu alfajiri. Nina mvulana wa miaka 9, msichana wa 6 na mdogo wa miaka 2. Skuli zimefungwa tangu mwezi wa sita na hazifunguliwi mpaka mwisho wa mwezi wa nane. Mume wangu yuko kwenye visima vya mafuta huko jangwani, wiki mbili kambini, wiki moja nyumbani. Kwa hiyo sehemu kubwa ya likizo niko peke yangu nao.

Asubuhi sina neno nayo. Wakubwa wanakwenda darsa za Kurani msikitini, mdogo anachezea masufuria, mimi napika. Shida inaanza tukishakula. Kuanzia saa nane mpaka magharibi, na magharibi yenyewe huku sasa ni saa moja, hakuna pa kwenda. Nje nyuzi 44, 45. Siku upepo ukitoka baharini joto linapungua kidogo lakini unyevunyevu wake ukifungua mlango tu miwani inaingia ukungu. Pembea za uwanjani minyororo yake inaunguza. Hata maji ya mfereji yanatoka ya moto, kwa sababu tangi liko juu ya paa linapigwa jua kutwa. Nikitaka kumwogesha mdogo alasiri inabidi nikinge ndoo niiache mpaka ipoe.

Mimi nimekulia Michenzani, Unguja. Saa kama hizi mtoto akishakula anatoka. Anakwenda chuoni kusoma Kurani, akirudi yuko chini barazani anacheza mdako na wenzake, na mama hajui hasa yuko mlango wa nani ila anajua yuko mikononi mwa watu. Hapa kila nyumba ina ukuta na geti lake. Jirani yangu ni mtu mwema sana, lakini na yeye kafungiwa ndani na watoto wake wanne.

Jumanne wakubwa walikuwa wanagombania waya wa kuchajia tableti. Mdogo nilikuwa nimembembeleza dakika arubaini mpaka akalala, akaamka kwa kelele zao. Nilipiga ukelele ambao sijapata kuupiga, sauti nikaisikia kama ya mtu mwengine. Binti yangu akaenda kujificha nyuma ya pazia. Nilipomfuata akaniuliza taratibu, "Mama, baba anarudi lini?" Hakuuliza kwa ubaya. Lakini swali hilo limenikaa kifuani mpaka leo.

Msiniambie nivumilie, nishavumilia. Nataka kujua saa hizo nyinyi mnafanya nini hasa.

BibiWaBarka

Wa alaykum salaam mwanangu. Nimeisoma barua yako mara mbili.

Mimi nilikuja Oman 1974 na watoto wawili, wa tatu tumboni. Kiyoyozi hatukuwa nacho. Kiangazi wenyeji wanakiita kaidhi, na watu wa pwani waliokuwa na jamaa wenye mashamba walikuwa wakihama kabisa, wanakwenda Nakhl au Rustaq kwenye mitende, penye kivuli na maji ya falaji, ile mitaro ya kumwagilia mashamba. Sisi tusiokuwa na shamba tulilala juu ya paa. Naroweka kanga, naikamua, nawafunika watoto, upepo ukipita wanapoa wanalala. Ikikauka naroweka tena. Sikwambii uzime kiyoyozi, kiyoyozi ni neema. Mwaka 2018 kule Qurayyat mwezi wa sita ilipita siku nzima, usiku na mchana, joto halikushuka chini ya nyuzi 42.6. Usiku kama ule kanga ingefanya nini?

Lakini jambo moja nilijifunza kwa wanawake wa hapa: mchana wa kaidhi wao waliuhesabu kuwa ni usiku. Wewe unawaweka watoto macho saa nane kwa sababu Unguja saa nane watoto wako macho. Geuza siku. Waamshe alfajiri, mkishasali nendeni pwani, jua halijatoka. Wakimbie, wachimbe mchanga, waingie maji mpaka saa kumi na mbili na nusu. Wakirudi wana njaa, na wana uchovu ule mzuri. Darsa zao ziko pale pale.

Saa nane pazia chini, taa zima, chumba kimoja, wote wanne. Usiwaambie "laleni", mtoto akiambiwa alale ndipo macho yanapomtoka. Waambie tu hapashuki mtu kitandani mpaka adhana ya alasiri. Mkubwa na kitabu chake, binti na makaratasi yake. Na wewe ulale, mwanangu. Si kuosha vyombo, si kukunja nguo. Mimi vyombo vyangu vya mchana vilikaa mpaka alasiri miaka yote ile. Mama mkwe wangu aliviona, akaniona na mimi nimelala, akatoka akafunga mlango polepole. Nilimpenda tangu siku hiyo.

Usiku waache wacheze mpaka saa nne. Kaidhi ndiyo hivyo.

Muuguzi_Ruwi

Dada, naongeza ya maji, maana ndiyo kazi yangu.

Kwanza, zima hita ya bafuni miezi hii yote. Tangi la hita liko ndani ya nyumba, kwa hiyo maji yaliyomo yanapoa. Ukifungua upande wa maji ya moto ndiko yanakotoka ya baridi, na upande wa baridi unaoshuka kutoka paani ndio unaounguza. Nyumba nyingi hapa hufanya hivyo na mimi nilikaa miaka miwili bila ya mtu kuniambia. Yakiisha yanaingia ya paani, basi mwogeshe mdogo kwanza.

Pili, mtoto wa miaka 2 hasemi ana kiu, analialia tu. Magomvi mengi ya alasiri ninayosimuliwa na akina mama huanza na kiu. Mtazame mkojo. Ukiwa wa manjano iliyokoza, au nepi imekaa kavu kwa muda wa saa sita, hajanywa vya kutosha. Akiharisha au kutapika na huna pakiti za dawa ya maji na chumvi, chukua lita moja ya maji safi, sukari vijiko vya chai 6 na chumvi nusu kijiko, vyote viwe sawasawa na ukingo, umpe kidogo kidogo. Akilegea au macho yakiingia ndani, usingoje asubuhi.

Kwangu saa tisa ni saa ya barafu za ukwaju. Unaroweka ukwaju usiku, binti wa miaka 6 anaweza kuukamua, kuuchuja na kuumimina kwenye vifuko mwenyewe. Jikoni patachafuka. Lakini saa nzima imepita, na kesho yake kuna kitu cha kungojea.

Na la garini: usimwache mtoto hata dakika mbili, hata kivulini. Gari likifungwa joto hupanda kama nyuzi 10 ndani ya dakika 10 tu.

Sasa wewe. Ukiona huzuni imekukalia wiki mbili, usingizi hauji hata watoto wakilala, na hata baba yao akiwepo haiondoki, nenda kituo cha afya ukaseme kama ulivyotuandikia hapa. Nimewapokea wengi kwa hilo.

BabaPacha, Sharjah

Mimi ni mtu wa Mombasa, kazi yangu ni ya majengo, Dubai. Kuanzia Juni 15 hadi Septemba 15 sheria ya huku inakataza kazi za juani tangu saa sita na nusu mpaka saa tisa. Mwaka jana muda huo nilikuwa nikijilalia, naye mke wangu yuko ndani ya fleti na pacha wa miaka 5. Kila jioni ananambia amechoka, nami namjibu pole. Sikujua la kufanya na neno hilo, nasema kweli.

Siku moja akanambia: saa nane na nusu piga simu, zungumza na watoto dakika ishirini, mimi nakwenda kuoga. Hapo nikaelewa. Tangu siku hiyo sijakosa. Nawatega vitendawili, wao wanatega, simu iko juu ya meza na mama yao hayuko chumbani. Vyangu vilikwisha wiki ya kwanza, ikabidi niwaulize wazee kazini wanipe vyao.

Kwa hivyo dada, mumeo usimwambie umechoka. Muulize mapumziko yake ni saa ngapi, umpe kazi hiyo na uondoke chumbani. Na wiki akiwa nyumbani, alfajiri za pwani ziwe zake, wewe ulale.

MamaWatatu, Seeb

Nimerudi baada ya siku tisa. Allah awalipe kheri nyote.

Hita nimezima usiku ule ule. Pwani tumekwenda mara tano. Siku ya kwanza mvulana alinuna, siku ya tatu ndiye aliyeniamsha. Mume wangu mapumziko yake ni saa tisa, sasa anapiga. Juzi binti kamtega "Nyumba yangu haina mlango", baba akajifanya hajui, binti akaomba mji mara tatu. Nilikuwa jikoni peke yangu, nimeegemea friji na kikombe cha chai, nawasikia wanacheka.

Jana nilipiga kelele tena. Fupi, lakini nilipiga. Nikakaa chini nikamwomba binti radhi, akaniambia, "Leo sikujificha."

Bibi, chumba kimoja kimetushinda kwa sababu ya mdogo. Anapanda juu ya kaka yake, anamvuta masikio, wote wanaamka. Wako wa miaka miwili ulimfanyaje? Na kama kuna mwengine aliyeliweza hilo, aniambie kabla ya Jumapili, baba yao anarudi kambini.