Stesheni ya muziki inarudia nyimbo zilezile saluni, nifanyeje?

Msusi wa Busia
Hamjambo jamani. Nina saluni ndogo hapa Busia, upande wetu wa Uganda. Kusuka rasta ndogondogo ni saa tano, siku nyingine sita, na mteja yupo palepale kwenye stuli, kichwa kimeinamishwa, hana pa kukimbilia. Muziki kwangu ni nusu ya kazi.

Redio niliiacha kwa sababu ya matangazo, nikaanza kulipia programu ya muziki kwenye simu. Nikafungua stesheni kwa wimbo mmoja wa Mbilia Bel, yaani unaipa wimbo mmoja, nayo programu inakuchagulia nyingine zinazofanana nao. Wiki ya kwanza raha tupu: Tabu Ley, Franco, hata Afrigo Band wakapita. Kila wimbo ulionikuna nikaupa laiki. Sasa stesheni imekuwa kasuku. Jumamosi nimefika utosini, mama mmoja akanishika mkono: "Mwanangu, huyu Franco ameingia mara ya tatu. Naye anasukwa?" Saluni nzima ikaangua kicheko. Mimi nilijichekesha tu.

Kuruka wimbo siwezi kila mara, vidole vimejaa jeli. Na tafadhali, asiniambie mtu nirudi redioni.

Dereva wa Trela
Pole dada. Mimi natoka Mombasa hadi Kampala na flashi yenye nyimbo 600, sijui bando wala nini. Tatizo langu ni moja: kila nikizima injini, redio ya gari inaanza tena wimbo wa kwanza. Na foleni ya Malaba unaijua, unazima na kuwasha mchana kutwa. Huyo Mbaraka Mwinshehe wa mwanzo namfahamu kuliko mashemeji zangu.

Fundi Simu, Mbale
Dada, piga hesabu kwanza. Saa tano ni dakika 300. Wimbo wa dakika nne, unahitaji nyimbo 75. Stesheni iliyoanzia wimbo mmoja hukaa karibu na wimbo huo, na kila laiki uliyotoa umeiambia "hapohapo, usitoke". Umeibana mwenyewe bila kujua.

Tena hata kuchagua kwa bahati nasibu hakukuokoi. Ukichota kwenye nyimbo 200 bila kukumbuka ulichochota, ukifika wimbo wa 17 tu uwezekano wa kuwa umeshapata marudio ni karibu nusu kwa nusu. Watu wakisikia hivyo hudhani mashine imeharibika. Ndiyo maana mwaka 2005 Apple waliweka kwenye iTunes, programu yao ya muziki, namna ya kupunguza nasibu yenyewe, ili masikio yaridhike.

Fanya hivi: tengeneza orodha yako ya nyimbo 150 au zaidi, zipakue ukiwa kwenye WiFi, halafu uichanganye. Orodha ikichanganywa kwa kawaida humalizika kabla ya kurudia. Ila usiizime katikati! Ukifunga programu na kuifungua, mara nyingi huchanganya upya, na ulizokwisha kusikia zinarudi kundini. Yaleyale ya huyu dereva.

Mzee wa Kisenyi
Nyongeza ndogo. Marekani, kwa redio za intaneti zinazotumia leseni inayotolewa na sheria yenyewe, bila kuomba ruhusa kwa kila mwenye wimbo, sheria ya 1998 inazuia kupiga zaidi ya nyimbo 4 za msanii mmoja ndani ya saa 3. Msidhani waliyahurumia masikio. Walihofia watu watarekodi badala ya kununua. Lakini huyo mama wa Busia angeipenda sana.

Msusi wa Busia
Asanteni. Fundi, umenigusa kwenye laiki. Nilikuwa nazigawa kama peremende.

Jumapili nilikwenda kwa dada yangu mwenye WiFi, nikapakua nyimbo 160. Nimeanza pia stesheni mpya kwa Elly Wamala, bila kugusa laiki hata moja. Hiyo bado ni nyembamba, saa moja tu inakwisha utamu, kwa hiyo naitumia kwa wanaokuja kuoshwa na kukaushwa nywele.

Jana bibi harusi alikaa saa tano kasoro. Wimbo mmoja tu ndio ulirudiwa, na aliuomba yeye mwenyewe. Yule mama wa Franco atakuja kufumua mwisho wa mwezi. Simu nimeichaji.