Chuo chetu Mwanza kinataka mechi ya mpira wa Kimarekani siku ya mahafali, na timu ina miezi mitatu tu. Nikubali?

Mwl_Mkolani

Wakuu, shikamooni mliotutangulia, wengine mambo vipi.

Mimi ni mkufunzi kwenye chuo kidogo cha kati hapa Mwanza, upande wa Mkolani. Nafundisha hesabu za biashara, na kwa kuwa niliwahi kucheza beki tatu enzi za UMISSETA (ya uwanjani, msianze), nikabebeshwa na michezo. Mwezi wa tano nilikuwa Mlango Mmoja natafuta suruali. Kwenye rundo la viatu vya mitumba nikaona mpira wa ngozi wenye ncha mbili na kamba nyeupe tumboni. Muuzaji alidhani ni wa raga, na mimi nikadhani hivyo hivyo. Akataka elfu nane, tukaishia elfu nne na mia tano kwa sababu ulikuwa umeishiwa upepo. Nilipofika chuoni ndipo kijana mmoja wa mwaka wa pili, ambaye bando lake lote linaishia kwenye video za Marekani, akaniambia, "Mwalimu, huu si wa raga. Wa raga hauna kamba, halafu ni mnene."

Tukaujaza upepo kwa fundi baiskeli. Kijana akaushika, vidole juu ya zile kamba, akarudisha mkono nyuma ya sikio na kuuachia. Ule mpira ukazunguka kama pia, haukuyumba hata kidogo, ukapita juu ya mwembe na kutua upande wa jikoni. Mpishi alitoka na mwiko. Tangu siku hiyo, jioni hawatoki uwanjani. Wameubatiza "sangara", kwa umbo lake na kwa unavyoponyoka mikononi ukishalowa.

Tunacheza ule wa bendera, usio na kugongana. Ule mwingine wa kofia na mabega bandia hatuwezi kuvalisha hata mtu mmoja. Huu ni watano kwa watano, kila mmoja ana mkanda kiunoni wenye vitambaa viwili vinavyoning'inia. Ukimnyofoa mwenye mpira kitambaa kimoja, mchezo unasimama hapo hapo. Mna majaribio manne ya kuvuka mstari wa katikati, mkivuka mnapewa mengine manne ya kufika mwisho. Vitambaa tumekata kwenye kanga kuukuu ya mke wangu, tunavibana kwa vibanio vya nguo. Tuko 14, wasichana sita. Uwanja ni ule wa Mwanza mnaoujua: nusu nyasi, nusu vumbi, na kwenye kona moja jabali limechomoza kama mgongo wa kiboko.

Sasa shida. Uongozi umesikia kwamba mchezo wa bendera utakuwemo kwenye Olimpiki ya Los Angeles 2028, wamepagawa. Kikao cha wiki iliyopita nimeambiwa mwezi wa kumi na moja, siku ya mahafali, kuwe na "mechi kubwa ya uzinduzi". Jezi, wageni rasmi, na barua imeshaandaliwa kwenda chuo kingine ambacho hata mpira wenyewe hawajawahi kuushika. Nikasema bado hatujaiva. Mkubwa mmoja akanijibu, "Mwalimu, timu isiyocheza mechi ni kikundi cha mazoezi ya viungo." Kikao kizima kikacheka. Na mimi nikacheka, ila usiku sikulala vizuri.

Naomba wanaojua: huko Marekani vyuo vinavyoanzisha timu kutoka sifuri huanza na nini, na huchukua muda gani? Jumanne narudi kikaoni, nataka niende na kitu mkononi.

Dagaa_Mkavu

Kanga ya mke umekata hukuogopa, unaogopa kikao? Nimekaa hapa nasubiri mwisho wa huu uzi.

Nyanda_wa_Magu

Mwalimu, umegusa nilikopita. Nimesoma San Antonio, Texas, na nilikuwepo wakati chuo kikuu cha pale, wenyewe wanakiita UTSA, kinaanzisha timu. Fikiria, Texas, ambako mpira huo ni kama Simba na Yanga zikichanganywa na ibada ya Jumapili, halafu chuo kikubwa kama kile kilikuwa hakina timu kabisa.

Mwanzo haukuwa jezi. Mwaka 2007 wanafunzi walipiga kura wakakubali ada yao ya michezo iongezwe. Aliyekuwa mwaka wa tatu siku ile alikuwa anaongeza ada kwa ajili ya timu ambayo asingeiona akiwa mwanafunzi, maana mechi ya kwanza ilikuja 2011. Jambo la pili ni kocha. Mwaka 2009 walimwajiri Larry Coker, mtu aliyekuwa ameshatwaa ubingwa wa taifa na Chuo Kikuu cha Miami msimu wa 2001. Hakuna mchezaji wala mechi, lakini kocha ameshapewa ofisi. Kazi yake ilikuwa kuzunguka kwenye shule za sekondari akiwashawishi vijana waje kwenye timu ambayo haipo.

Halafu hapa ndipo pa kuwasomea wakubwa zako: msimu wa 2010 wote wachezaji walikuwepo na hawakucheza na mtu. Mazoezi tu. Wiki kwa wiki wanajigawa, wanaumizana wenyewe kwa wenyewe. Sisi tulikuwa tunawatania kwamba ndiyo timu pekee Texas ambayo haijafungwa.

Tarehe 3 Septemba 2011 wakaingia uwanja wa Alamodome. Mimi nilikaa juu kabisa karibu na paa, tiketi ya bei ya chini. Jirani yangu alikuwa mzee mwenye asili ya Meksiko, kaja na wajukuu watatu. Kila tukifunga ananipiga kiganja, na hatujuani kabisa. Tulikuwa watu 56,743, hakuna chuo kilichowahi kuanza na umati kama huo. Tukashinda 31 kwa 3. Ila angalia tulimfunga nani: Northeastern State, kutoka Oklahoma, timu ya daraja la chini. Siku ya kwanza hawakumwita simba.

Na wengi wakisimulia wanaishia kwenye huo umati. Msimu ule walishinda 4 wakapoteza 6. Mwaka uliofuata 8 na 4, watu wakaanza kuota. Coker akaondoka mwanzoni mwa 2016. Ikafika 2018 wakashinda 3 wakafungwa 9, na 2019 wakashinda 4 wakafungwa 8. Viti vitupu unavihesabu kwa macho. Ndipo akaja Jeff Traylor, ambaye miaka mingi alikuwa kocha wa shule ya sekondari Gilmer, kamji kadogo mashariki ya Texas. Mwaka 2021 wakashinda 12 na kupoteza 2, wakachukua ubingwa wa Conference USA, ligi yao wakati huo, na mwaka uliofuata wakauchukua tena. Hesabu mwenyewe, wewe ndiye mwalimu wa hesabu: tangu mechi ya kwanza hadi kikombe cha kwanza ni miaka kumi. Na hao wana hela, na uwanja wenye paa uliojengwa 1993 ulikuwa umekaa pale pale mjini unawasubiri.

Wewe una jabali.

Fundi_Hesabu

Naongeza dogo. Kwenye ngazi ile ya juu, kwa miaka mingi chuo kiliruhusiwa kusomesha bure wachezaji mpaka 85 wa timu moja. Themanini na tano! Ndiyo maana hata kwao kuna vinavyoshindwa. Chuo cha Birmingham, Alabama, kinachoitwa UAB, kiliifunga timu Desemba 2014, sababu waliyotoa ni gharama. Wachezaji walilia mbele ya kamera. Watu wa mji wakachanga, na miezi michache baadaye chuo kikageuza uamuzi. Ikarudi uwanjani 2017, na 2018 ikawa bingwa wa hiyo hiyo Conference USA. Sasa Mwalimu, wasikushike kwenye mechi ya mahafali, wewe waulize bajeti ya mwakani iko wapi. Mechi moja hata harusi inaweza kuigharamia.

Mama_Kulwa_Igoma

Mwanangu mwalimu, hujambo. Hao wanaume wamekupa hadithi nzuri ya Texas na nimeisoma yote. Lakini kule mtoto anazaliwa anaukuta huo mpira sebuleni. Wako wanaufahamu tangu mwezi wa tano.

Mimi nimefundisha mpira wa pete kwenye kata miaka tisa. Kuna mwaka tulikosa bonanza hata moja, nikasema basi tujifue tu, tutatokea mwakani tukiwa moto. Nilianza na mabinti 17. Kufika Desemba nilikuwa na watano, na mmoja wao alikuwa anakuja kwa sababu anaishi jirani na uwanja. Hawakunichukia. Mmoja alipata kibarua cha kuanika dagaa, mwingine mama yake aliuliza, "Mnafanya mazoezi ya kwenda wapi?" akakosa jibu. Mwaka mzima bila mechi ni chakula cha watu wenye ufadhili. Hao wa Texas walikuwa wanasomeshwa, wako walipe ada na nauli ya daladala halafu wasubiri?

Wewe wape mechi. Ila iwe ya nyumbani. Una 14, hao ni saba kwa saba: watano ndani, wawili wa akiba. Wapigie filimbi kweli kweli, na matokeo yabandikwe ubaoni. Huyo mkubwa naye apate kitu cha kuonyesha wageni. Barua ya hicho chuo kingine izuie, utawaaibisha watoto wa watu.

Na hao wasichana sita, umeongea na wazazi wao? Mabinti ndio wa kwanza kuondolewa, na hutaambiwa sababu.

Nyanda_wa_Magu

Mama shikamoo. Hapo kwenye ufadhili umenimaliza, nilikuwa sijaliwaza hivyo. Nakubaliana na mechi ya nyumbani. Na wale wa UTSA ndivyo walivyofanya 2010 kwa kweli, walijigawa wakacheza, tofauti ni kwamba haikuandikwa popote.

Mwl_Mkolani

Marahaba wadogo, na shikamoo Mama Kulwa.

Kikao kimepita. Niliingia na karatasi moja: 2007 kura, 2009 kocha, 2010 mazoezi, 2011 mechi, 2021 kombe. Mkubwa wetu akaisoma mara mbili akasema, "Sasa mwalimu unataka tukusubiri miaka kumi na nne?" Wakacheka tena. Ila safari hii nilikuwa na jibu la Mama Kulwa mfukoni. Nikasema mechi ya mahafali ipo, wachezaji wetu kwa wetu, vipindi viwili vya dakika ishirini, Sangara dhidi ya Sato. Uso ukamtulia. Barua ya kile chuo ilikuwa haijatoka, tumeibadilisha: mwalimu wao wa michezo aje na wanafunzi kumi Jumamosi moja mwezi wa tisa, waushike mpira, wajifunze kurusha, wale wali, waondoke. Hamna matokeo.

Swali la Fundi la bajeti niliuliza. Mhasibu aliinamia simu yake. Limeandikwa kwenye kumbukumbu za kikao, angalau.

Ya uwanja: vipimo vya huu mchezo ni yadi 70 kwa 25 ukijumlisha maeneo ya kufungia, kama mita 64 kwa 23. Nilikuwa nahangaika kuupanga kwa urefu wa uwanja wetu wa soka, jabali linaingia kila mara. Jana nikapima kwa hatua kwa upana, kutoka mstari wa pembeni mpaka wa pili. Umekaa! Jabali limebaki nje kabisa, na watazamaji wameshalichukua kuwa jukwaa.

Mazoezi ya jana nayo yalikuwa na kisa. Kijana mmoja alikimbia karibu uwanja mzima, watu watatu wanamvuta kitambaa na kitambaa hakitoki. Kumbe hakubana kwa kibanio, amefunga fundo. Wa tatu alivuta kwa hasira zake zote na bukta ikaja pamoja na kitambaa. Tumesimamisha mazoezi dakika kumi nzima, wasichana hawawezi kusimama kwa kucheka. Tangu leo nakagua viuno vyote kabla ya filimbi, vibanio viwili kila upande.

Wazazi wa mabinti, nimeshawapigia wanne. Wawili wamekubali moja kwa moja. Mmoja akauliza kama huo mpira una bukta fupi, nikamwambia hata suruali ya trakisuti ruksa, akasema basi. Wa nne ni baba wa Sengerema, anataka kuja kuona kwa macho yake kwanza. Nimemkaribisha.

Mama Kulwa, Igoma na Mkolani si mbali. Njoo Jumamosi saa kumi jioni. Filimbi ninayo, ila sina wa kushika saa.