Mama amebadilishiwa dawa ya presha kliniki: je, ni usalama au ni kubana gharama?

Kifunguamimba wa Morogoro (mleta mada)

Ndugu zangu, naomba msaada wa mawazo kutoka kwa wanaofahamu taratibu za dawa hospitalini, kwa kuwa jambo hili limetukosesha usingizi nyumbani.

Mama yangu ana umri wa miaka 68 na anatibiwa presha na kisukari kwa mwaka wa 9 sasa. Anatumia kadi ya Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya kama mtegemezi wangu. Kwa muda mrefu alipewa dawa ya presha yenye jina la kibiashara analolifahamu, ndani ya boksi la buluu, na alikuwa ameizoea kiasi kwamba hata umeme ukikatika aliitambua kwa kuipapasa. Miezi 2 iliyopita alihudhuria kliniki kama kawaida, na kwenye dirisha la dawa akapewa vidonge vidogo vyeupe ndani ya kibahasha kilichoandikwa kwa kalamu "amlodipini 10, 1x1". Alipouliza, akajibiwa kwamba ile ya zamani bima hailipi tena. Hakupewa maelezo mengine, na foleni nyuma yake ilikuwa ndefu.

Nyumbani alikuwa bado na vidonge vya boksi la buluu vya kutosha wiki 5. Kwa kuwa aliamini kwamba hizi ni dawa mbili tofauti, alimeza zote mbili kila asubuhi. Baada ya siku 10 hivi miguu ilivimba hadi viatu vikakataa kuingia, akawa anasikia kizunguzungu kila akisimama, na alfajiri moja akaanguka akielekea msalani. Namshukuru Mungu hakuvunjika. Tulimpeleka kituo cha karibu, wakaona uvimbe, wakamwandikia dawa ya kukojoza. Usiku ule nilipokaa kusoma maandishi madogo ya lile boksi ndipo nilipogundua kwamba ndani yake ni amlodipini ileile, miligramu 10 zilezile.

Ninachouliza ni hiki: je, hii dawa ya bei nafuu ina nguvu sawa na ile ya zamani, au wazee wetu wanapewa kilicho rahisi ili mfuko usiishiwe? Ni nani anayeamua dawa ipi ilipwe na ipi isilipwe? Na sisi wana familia tufanye nini ili jambo hili lisijirudie?

Mfamasia wa Wilaya

Ndugu mleta mada, mpe mama pole nyingi. Nimefanya kazi kwenye dirisha la dawa kwa miaka 14, na naomba nianze na hili la kumeza dawa moja kwa majina mawili, kwa sababu ndilo lililomwangusha mama na ndilo ninaloliona mara kwa mara kwa wagonjwa wa presha na kisukari. Kipimo cha juu cha amlodipini kwa siku ni miligramu 10. Mama alikuwa anameza 20. Uvimbe wa miguu unaotokana na dawa hii huongezeka kadiri kipimo kinavyoongezeka, kwa hiyo yaliyompata yanaeleweka.

Kila dawa ina jina la asili, yaani jina la kiambato chenyewe kinachotibu, na juu yake kila kiwanda huweka jina lake la kibiashara. Mwongozo wa Matibabu na Orodha ya Taifa ya Dawa Muhimu, ambao toleo lake la 2021 ndilo tunalofanyia kazi kwenye kituo chetu, huandika dawa kwa jina la asili na kuonyesha kila dawa inaanzia ngazi ipi: A ni zahanati, B ni kituo cha afya, C ni hospitali ya wilaya, D ni hospitali ya rufaa ya mkoa, na S ni huduma za kibingwa. Kitita cha mafao cha Mfuko kilichoanza kutumika tarehe 1 Machi 2024 kilipangwa kiendane na mwongozo huo. Kwa hiyo anayeamua si karani wa bima aliyekaa dirishani. Uamuzi unaanzia kwenye orodha ya Wizara ya Afya, kisha Mfuko unapanga bei utakayolipa.

Je, ni kubana gharama? Ndiyo, na sioni sababu ya kulificha. Kiambato kilekile kikiwa na jina maarufu kinaweza kuuzwa mara kadhaa ya bei ya kile kisicho na jina, na fedha inayookolewa hapo ndiyo inayomlipia mgonjwa mwingine kusafishwa damu au kutibiwa saratani. Lakini kubana gharama kwa njia hii hakumaanishi kupunguza ubora. Kampuni inayotengeneza nakala ya dawa ya kumeza hutakiwa kuthibitisha kwamba kiasi cha dawa kinachofika kwenye damu kinalingana na cha dawa ya kwanza, ndani ya mipaka ya asilimia 80 hadi 125. Watu wengi hudhani mipaka hiyo ina maana kwamba kidonge kinaweza kupungukiwa robo ya dawa, na sivyo: wigo mzima wa makadirio ya vipimo lazima uingie ndani ya mipaka hiyo, na hilo haliwezekani isipokuwa wastani wenyewe uwe karibu sana na 100. Mamlaka yetu ya Dawa na Vifaa Tiba, wakati ule ikiitwa Mamlaka ya Chakula na Dawa, ilikuwa ya kwanza Afrika kutambuliwa na Shirika la Afya Duniani kufikia ngazi ya 3 ya udhibiti wa dawa, mwaka 2018. Ninalitaja hili kwa sababu nasikia mno kauli kwamba dawa ya serikali ni "unga wa muhogo", na kauli hiyo inawafanya wagonjwa waache dawa kabisa.

Ziko dawa chache ambazo mimi mwenyewe nasita kubadilisha kiwanda bila daktari kujua, kwa kuwa nafasi kati ya kipimo kinachotibu na kinachodhuru ni finyu: fenitoini na kabamazepini za kifafa, na wafarini ya kuzuia damu kuganda. Amlodipini haimo katika kundi hilo.

Kosa lililotendeka kwa mama lilikuwa kubadilisha kimya kimya. Aliyempa vidonge alipaswa kumuuliza, "Mama, nyumbani una dawa gani?" na kumwambia kwamba hii inachukua nafasi ya ile. Mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba makosa katika matumizi ya dawa huigharimu dunia dola bilioni 42 kila mwaka, na sehemu ya makosa hayo huzaliwa pale pale dirishani, katika nusu dakika ambayo mgonjwa anaipata. Nakusihi pia uombe kituo kijaze fomu ya njano ya madhara ya dawa. Hata kosa la aina hii linastahili kuandikwa.

Mganga Mstaafu

Naunga mkono maelezo ya mfamasia, lakini kuna jambo katika habari yako lililonishtua zaidi, nalo ni ile dawa ya kukojoza. Amlodipini huvimbisha vifundo vya miguu kwa kutanua mishipa midogo hadi majimaji yakavuja kuingia kwenye nyama. Mwili haujajaza maji kupita kiasi. Dawa ya kukojoza haiutibu vizuri uvimbe wa namna hiyo. Inachoweza kufanya kwa mzee aliyekwisha kuanguka ni kumkausha, kumpunguzia potasiamu, kushusha presha anaposimama, na kumwangusha tena. Kisha potasiamu ikishuka ataandikiwa dawa ya potasiamu, na hivyo dhara la dawa moja linageuzwa kuwa ugonjwa mpya wenye dawa yake na gharama yake. Nimeona wazee wakifika kwangu na dawa 9, na 4 kati ya hizo zilikuwa zinatibu dawa nyingine.

Usimwachishe dawa yoyote kwa uamuzi wako. Mrudishe kliniki wiki hii, si tarehe ya kadi, ukiwa na mfuko wenye kila anachomeza, pamoja na vya dukani na vya mitishamba. Aombewe kupimwa presha akiwa amekaa na akiwa amesimama, na apimwe kreatinini (kipimo cha damu kinachoonyesha hali ya figo) na potasiamu. Kama anatumia metifomini ya kisukari, kipimo cha figo ni cha lazima, kwa sababu dawa hiyo hupunguzwa au kusimamishwa figo zinapodhoofu. Na muulize kwa upole kama anatumia diklofenaki kwa ajili ya magoti. Wazee hawaitaji jina wanapoulizwa dawa wanazotumia, kwa kuwa kwao hiyo si dawa, ni "kidonge cha maumivu tu", ilhali inapandisha presha na kuziumiza figo, hasa ikikutana na dawa ya kukojoza na dawa za presha za kundi la losatani au enalaprili.

Ninatofautiana kidogo na mfamasia kuhusu orodha. Mwongozo huandikwa kwa ajili ya wagonjwa walio wengi, na wapo wasioingia humo. Mgonjwa anayekohoa usiku kucha kwa sababu ya enalaprili ana haki ya kuhamishiwa losatani hata kama kituo chake hakina, na hapo daktari anapaswa kuandika sababu na kuomba kibali badala ya kumwambia mgonjwa "bima imekataa". Mara nyingi bima haijakataa, hakuna aliyeomba.

Nilikuwa kazini mwaka 2001 tulipoachana na klorokwini kwa sababu vimelea vya malaria vilikuwa vimeizoea, tukaingia SP (sulfadoksini na pirimethamini), na mwaka 2006 tukahamia dawa mseto. Wapo waliokuwa wakitukatalia SP kwa uvumi kwamba inababua ngozi, na wengine walikuwa wakificha klorokwini majumbani. Kijiji ambacho mganga alikaa na watu chini ya mti akaeleza sababu, mabadiliko yalipita. Ambacho kilitumiwa waraka tu, watu walichanganya dawa zote mbili, kama alivyofanya mama yako.

Binti wa Fundi

Shikamooni wakubwa. Naomba kuongeza upande wa sisi tusio na kadi. Baba yangu ana miaka 71, alikuwa fundi seremala, na dawa zake tunanunua kwa fedha mkononi. Mwezi ukiwa mbaya tunanunua vidonge vya siku 10 na yeye anameza siku moja, anaruka siku moja. Kwa muda mrefu tulinunua dawa ya jina maarufu kwa kuwa ndiyo iliyoandikwa kwenye cheti cha kwanza, mpaka muuzaji mmoja mwaminifu alipotuonyesha ya jina la asili. Kwa fedha ileile baba sasa anapata dozi ya mwezi mzima. Hakuna daktari aliyekuwa ametuambia.

Sera ya nchi inasema mzee wa miaka 60 na kuendelea asiye na uwezo atibiwe bila malipo, na kitambulisho cha mzee baba anacho. Tatizo ni kwamba akifika anaambiwa dawa zimekwisha, nasi tunaishia dukani. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote iliyopitishwa na Bunge Novemba 2023 inatupa matumaini, nami naifuatilia kwa moyo wote, lakini kadi bila dawa kwenye rafu haitamsaidia baba.

Swali langu kwa mfamasia: kila mwezi tunanunua duka tofauti, na kila duka lina boksi la rangi tofauti. Tutajilindaje na mtego uliomnasa mama?

Mfamasia wa Wilaya

Marahaba, binti. Nunueni daftari dogo. Kila dawa iandikwe kwa jina la asili, miligramu zake, inatibu nini na inamezwa saa ngapi. Jina la asili liko kwenye kila boksi, kwa kawaida kwa herufi ndogo chini ya jina kubwa. Dawa mpya ikija, kabla ya kidonge cha kwanza, linganisheni jina hilo na yaliyomo daftarini. Likiwa tayari limo, boksi moja litoke nyumbani. Na msikubali vidonge vilivyomiminwa kwenye kibahasha bila jina, miligramu na tarehe ya mwisho wa matumizi. Kuhusu kuruka siku, ni heri mrudi kwa daktari mkamweleza ukweli wa mfuko wenu, kwa sababu anaweza kupanga dawa chache na nafuu zinazomezwa kila siku. Asipoelezwa, ataona presha haishuki na ataongeza dawa nyingine.

Kifunguamimba wa Morogoro (mleta mada)

Nawashukuru sana. Jumatatu nilimpeleka mama na mfuko wake wote. Mganga Mstaafu, ulisema kweli: chini kabisa tulikuta diklofenaki, anainunua duka la jirani tangu mwaka jana, kidonge kimoja kimoja, bila cheti. Daktari ameisimamisha pamoja na ile ya kukojoza, amempa parasetamoli kwa ajili ya magoti, na amlodipini imerudi kuwa kidonge kimoja, cha miligramu 5, pamoja na losatani aliyokuwa nayo tangu awali. Alipopimwa akiwa amesimama presha ilishuka sana, kwa hiyo ameagizwa akae kitandani kidogo kabla ya kuinuka.

Boksi la buluu nimelirudisha famasi ya hospitali ili waliharibu wenyewe. Mama alilitazama likiondoka, akaniuliza kama nina hakika kwamba hiki kidonge cheupe ndicho kile. Nikamsomea jina kwenye boksi, kisha kwenye pakiti mpya, herufi kwa herufi, akaridhika. Majibu ya kreatinini tutayachukua Alhamisi, nami nitayaleta hapa.