Sarafu za prufu za zamani: Krause, Breen au Sweeny?

Mkusanyaji_Nakuru
Wadau, habari za jioni. Nakusanya sarafu za Afrika Mashariki za kabla ya uhuru, na sasa nazitafuta za prufu, yaani zile zilizopigwa kwa uangalifu wa pekee ili ziwe za mfano, si za kutumia sokoni. Pesa niliyo nayo ni ya kitabu kimoja tu: katalogi ya Krause na Mishler ya sarafu za dunia, ensaiklopidia ya prufu ya Walter Breen (1977), au historia ya kiwanda cha sarafu cha Birmingham ya James Sweeny (1981). Nianze na kipi?

Kondele_Sarafu
Krause, ndugu yangu. Ila chunga juzuu, zimegawanywa kwa karne. Rupia ya Mombasa ya 1888 imo katika ile ya 1801–1900. Senti za tundu na shilingi ya 1921 zimo katika 1901–2000, na utazikuta chini ya East Africa, si Kenya. Toleo kuukuu halina neno. Bei ndizo zimepitwa na wakati. Uzito na madini ni yale yale.

MamaSarafu_Kakamega
Kondele, Krause kwa prufu ni mkavu mno. Anaandika mstari mmoja chini ya mwaka, basi. Utaitambuaje, hakuambii, na hapo ndipo watu wanapoliwa pesa. Otonglo (senti 10) ya kawaida ikisuguliwa kwa dawa ya shaba inawaka kama kioo, na muuzaji anaiita prufu. Itie chini ya lenzi. Iliyosuguliwa ina mikwaruzo myembamba inayopita hadi juu ya herufi, na kona za herufi zimelainika. Prufu halisi ukingo wake umesimama wima na herufi zina kona kali, kwa kuwa muhuri, yaani chuma cha kupigia sarafu, uling'arishwa kwanza na sarafu ikapigwa zaidi ya mara moja. Breen anayachambua mambo haya kwa kina, japo sarafu zake ni za Marekani tu.

Mzee_wa_Milimani_Kisumu
Mama amenena. Lakini orodha za Breen zisome kwa tahadhari, baadhi ya madai yake yamepingwa na wataalamu waliomfuata. Mimi ni mtu wa Sweeny. Herufi H iliyo kwenye rupia ya Mombasa ni ya Heaton wa Birmingham, na ukitaka kuzijua kazi za kiwanda hicho, huyo ndiye mwalimu. Hatakufikisha kote, lakini. Senti 10 za tundu za 1936 zenye jina la mfalme Edward VIII zipo za H, na zipo za KN, yaani Kings Norton, kiwanda kingine kabisa.

Mkusanyaji_Nakuru
Asanteni sana. Mzee, shikamoo. Kwa hiyo kwa mwenye kitabu kimoja?

MamaSarafu_Kakamega
Basi nakubaliana na Kondele kwa hilo: Krause 1901–2000, toleo la zamani. Macho yafundishe kwa katalogi za minada, nyingi zinasomeka bure mtandaoni na picha zake ni kubwa. Breen atafuata ukipata pesa. Na ukiuziwa 1936 yoyote kwa jina la prufu, weka hapa picha ya ukingo kabla ya kulipa, si ya uso peke yake.

Kondele_Sarafu
Na picha ya ndani ya tundu pia, mama.